Damu ya Mwanalima

Kila Jumanne saa mbili asubuhi Shamsa na kaka yake Nassoro walichomwa sindano ya ini katika kliniki moja ya Mombasa, kisha wakakaa kwenye benchi la ukumbini hadi homa ya dawa ipande na kushuka. Mama yao, Mwanalima, aliyekufa maji mwaka tisini na mbili walipokuwa wakikimbia vita kutoka kisiwa chao cha Koyama, ng'ambo ya mpaka, alikaa katikati yao. Leso yake ilikuwa ikichuruzika, na mfagiaji alizoea kupiga deki chini ya benchi lile mara mbili.

Homa ya ini aina ya B waliipata kwake, siku ya kuzaliwa. Mwanalima hakujua. Alipoelezwa na daktari, aliwaomba radhi wanawe.

"Nyumba walichukua, kisiwa walichukua," alisema. "Hiki nilichowarithisha ndicho hawakukiona."

"Si kitu, mama," Shamsa alimjibu, akamsogelea zaidi.

Mwezi wa sita wa matibabu majibu yalitoka. Virusi vya Nassoro vilikuwa karibu kwisha. Vya Shamsa vilikuwa palepale.

"Dawa moja, kipimo kimoja, tumbo moja," alisema Daktari Iman. "Ila vinasaba havifanani hata kwa ndugu. Nassoro dawa imemkubali, wewe imekukataa. Waliochunguza jambo hili walichunguza watu wa mbali. Wa visiwani kwenu hakuna aliyewahi kuwapima." Akamgeukia Mwanalima. "Mama, wewe ulikaa na virusi hivi umri wako wote bila kuumwa. Ukinipa damu, huenda tukajua cha kumfanyia Shamsa."

Mwanalima akanyoosha mkono. Damu ilitoka baridi, ikajaza vichupa viwili.

Mahmudi wa mapokezi alijaza fomu. Alipofika penye kabila, aliisoma orodha mara mbili.

"Mimi mchu wa Koyama," Mwanalima alimwambia. "Mbajuni."

"Wabajuni hawamo, mama. Nitaandika 'wengineo'. Kitambulisho?"

"Sina."

"Kadi ya ukimbizi?"

"Nilikufa kabla ya kufika."

"Kufa hakuna neno," Mahmudi alisema kwa upole. "Ila bila namba maabara haipokei."

Alivituma vichupa hivyo hivyo, bila namba. Baada ya wiki mbili vilirudi, havijafunguliwa.

Wiki ile ile virusi vya Nassoro vilikwisha kabisa, na tangu hapo yeye peke yake pale klinikini hakumwona mama tena. Hakuwa na sindano ya kuchomwa, lakini kila Jumanne alikuja, akakaa mahali pake, akapapasa mbao zilizolowa.

"Amevaa nini leo?" alimuuliza dada yake.

"Ile leso ya zambarau."

"Ananitazama?"

"Anakutazama wewe tu."

Siku moja Nassoro alimfuata Daktari Iman chumbani, akauliza kama ugonjwa unaweza kurudishwa. Daktari alimwambia haifanyiki. Nassoro akashukuru, akafunga mlango taratibu.

Shamsa naye sindano zake zilisimamishwa, kwa kuwa utaratibu ulisema asiyekubaliwa na dawa kwa miezi sita aondolewe. Vilikuwapo vidonge vya kila siku, vya kuvituliza virusi, lakini vilitolewa na ofisi nyingine, na ofisi hiyo haikuitambua kadi yake ya ukimbizi, iliyoandikwa katika kambi iliyofungwa zamani. Aliambiwa asubiri. Ini lilimchoma ubavuni, na pamoja na maumivu hayo alihisi furaha ndogo iliyomtia haya, kwa sababu mama alikuwa bado anasimama kila jina la Shamsa lilipoitwa.

Jumanne moja walitoka pamoja klinikini kwenye jua la saa nne.

"Koyama pakoje sasa, mama?" Shamsa aliuliza.

"Misikiti ipo. Visima vipo, maji yake matamu. Watu ndio wengi hawajarudi."

"Anasemaje?" Nassoro aliuliza.

Shamsa akamwambia yote, neno kwa neno. Kisha wakavuka barabara polepole, Shamsa amemshika mama mkono, na Nassoro akitembea upande wa pili, ameacha kati yake na dada yake nafasi ya mtu mmoja.