Faili la Jana

...na umeme ukakatika hapo hapo, kidole changu bado kiko juu ya kitufe, feni zikanyamaza, diski ikaendelea kuzunguka yenyewe gizani, sauti yake ikishuka kama mtu anayesinzia, na tata Muamba, mkubwa wetu hapa chumba cha mashine, anasema anatoka nje kutazama, ni mvua tu, courant itarudia, mama Kabedi, usijisumbue, na mi sijisumbui, programu hii niliiandika mwenyewe, inaandika majina yote ya wafanyakazi wa mgodi kwenye faili jipya pembeni, inahakikisha yameshuka hadi kwenye diski, na mwisho kabisa, kwa tendo moja, inalibandika faili jipya jina la lile la zamani, kwa hiyo utakuta la zamani zima au jipya zima, nusu hutaikuta... nusu ilikuwa ile programu yangu ya kwanza, iliyofuta kwanza halafu ndipo ikaanza kuandika, umeme ukaenda katikati, na kulipokucha kila jina kuanzia herufi M halikuwapo, na yaya Mbuyi, kaka yangu wa tumbo moja, fundi wa pampu, akafika langoni, mlinzi akamwambia, "Tata, mashine haikujue," akarudi nyumbani Musonoi kwa miguu, akamsimulia mkewe Agnès huku anacheka, majina tukayarudisha yote, lakini tangu hapo ukimwita alitazama nyuma kwanza kuona anayeitwa ni nani, Agnès akimpakulia bukari, ugali wetu, yaya aliuliza, "Ni ya nani hii?" na hakuwa anatania... hadi juzi tulipomzika, na padri alipotaja jina lake, mimi ndiye niliyegeuka nyuma... leo anatakiwa atoke kwenye faili, tata Muamba alitaka kazi hiyo apewe mwingine, nikasema hapana, ni dada yake atakayemtoa, nikabonyeza, na sasa sijui kama lile tendo la mwisho lilifanyika, humu ndani kuna faili la jana ambamo yaya yuko kazini, au la leo ambamo hayupo, moja tu kati ya hayo, na mpaka taa ziwake hakuna anayejua... diski imesimama, kimya, ila kuna mtu anapumua karibu na mashine, polepole, nauliza, "Tata Muamba, ni weye?" na sauti yake inanijibu kutoka mbali, kwenye varanda, "Niko huku inje, mama," na pumzi haikatiki, nywele za mikono zimenisimama lakini siinuki, nilidhani nitaomba liwe la jana, mchana wote moyo wangu ulitaka la jana, na hapa pumzi ikiwa karibu hivi naona sitaki tena, nanong'ona, yaya, safari hii sikukuacha katikati, kama ni faili la jana nitabonyeza tena, na kama ni la leo basi umekwisha kwenda, na umekwenda mzima, umekwenda mzima... mvua inapiga bati, umeme bado...