Damu Yenye Cheo

Mama Pacha alipomwaga gunia la unga kwenye mashine ya kukandia, vumbi lilimrudia usoni na kifua kikambana. Akaegemea ukuta wa kiwanda cha mikate, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Alipoinua kichwa, macho yalikwenda yenyewe kwenye kidirisha kinachotazama dukani. Kule kaunta, wifi yake alikuwa amesimama chini ya feni, aproni nyeupe, midomo imepakwa rangi, akicheka na mteja.

Kabla ya hapo walikuwa wakikohoa pamoja. Kisha tajiri mwenye kiwanda akaleta watu wa zahanati, wafanyakazi wa unga wakatolewa damu, ikapimwa immunoglobulini E. Atakayeonekana ana mzio angehamishiwa kaunta, na nafasi ilikuwa moja tu. Majibu yalipokuja, msimamizi aliyasoma kwa sauti kama mwalimu anayetangaza matokeo ya mtihani. Wifi: mia sita na kumi. Mama Pacha: arobaini na mbili.

"Pole, wifi, umefeli," wifi alimtania huku akikung'uta unga kwenye kilemba. "Damu yangu mimi ina cheo."

Watu walicheka. Mama Pacha naye alicheka. Nani amewahi kumwonea mtu wivu kwa ugonjwa? Yeye alimwonea. Aliionea wivu ile feni, ile aproni, hata pumzi ya wifi iliyoanza kutulia.

Mapumziko ya mchana hakula. Alikwenda zahanati.

"Mimi nakohoa kuliko yeye," alimwambia dada wa maabara. "Mbona yeye kapata mia sita?"

Dada yule akasukuma kando kikombe cha chai iliyopoa. "Hizi si maksi, mama. Immunoglobulini E ni kama walinzi ndani ya damu. Kipimo mlichofanyiwa kinawahesabu wote kwa jumla, hakisemi wanamzuia nani. Wanaweza kuongezeka kwa sababu ya vumbi, au pumu, au hata minyoo."

"Minyoo!"

"Hata minyoo. Na walinzi wako kuwa wachache si ushahidi kwamba unga haukudhuru. Kuna kipimo kinachotafuta walinzi wa unga wenyewe, na kingine unapuliza, tunaona kifua kinavyofanya kazi. Mwajiri wenu hakuviomba. Mwambie aviombe, kwa ajili yenu wote."

Mama Pacha alishukuru. Lakini njia nzima neno moja tu ndilo lililomzunguka kinywani kama peremende: minyoo.

Alimkuta msimamizi mlangoni mwa stoo.

"Kaka, naomba tupimwe tena. Zahanati wanasema kile kipimo peke yake hakitoshi."

"Karatasi inasema huna mzio."

"Mzio sina, mzigo ninao. Hiki kifua nakibeba mwenyewe."

Msimamizi akacheka kidogo, akajikuna kidevu. Pengine angekubali. Lakini wakati ule ule kicheko cha wifi kilipenya kutoka dukani, laini, cha mtu anayepumua bila taabu, na Mama Pacha akasikia mdomo wake ukisema:

"Na wengine mia sita yao huenda ni minyoo tu."

"Kumbe?" alisema msimamizi. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa tajiri.

Jioni haijafika, wifi alirudishwa kwenye unga, mkononi ana vidonge vya minyoo. "Mmesema wenyewe kipimo hakitoshi," msimamizi alitangaza. "Basi kila mtu abaki alipokuwa." Kuhusu kupimwa tena hakusema kitu. Kaunta akapewa mpwa wa tajiri, binti ambaye hakuwahi kushika gunia wala kutobolewa sindano.

Wifi alifunga kilemba chake polepole.

"Haya, wifi. Sasa umefaulu?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Pacha alimsogelea. Akavua kitambaa cha kichwani mwake, akakichana katikati, nusu akajifunga puani, nusu akamnyooshea wifi.

Wifi alikitazama kitambaa, si yeye. Mwishowe akakipokea.

Gunia likamwagwa. Kikohozi cha mmoja kikaanza, cha mwenzake kikakiitikia, na nyuma ya kioo feni iliendelea kuzunguka.