Moto wa Akiba

Khalayi aliuvuta mlango wa tanuri kwa ndoano, akachungulia. Moto ulikuwa bado umelala, mwekundu kwa ndani, umefunikwa majivu mpaka mabegani. Akaufunga mlango. Akaenda dirishani, akatazama wingu lililokuwa likivimba juu ya msitu upande wa Isecheno, akarudi, akaufungua tena.

"Huyo si mtoto mchanga," Onesmus alisema akiwa kizingitini. "Unamfunuafunua ya nini?"

"Naangalia tu, Baba Emily."

"Angalia. Utamwangalia mpaka akimbie."

Onesmus alikuwa amelichochea boila hilo tangu kichwa chake hakijaota mvi hata moja. Sasa alivaa ovaroli mpya ya buluu na kazi yake ilikuwa kuosha vioo vya sola kwa brashi laini, huko nyuma ya kiwanda cha sukari, palipokuwa shamba la miwa. Wanaume wote wa moto walikuwa wamehamia huko. Hakuna aliyetaka kubaki na makaa ya mawe, na ndivyo beleshi lilivyomfikia Khalayi, ambaye kwa miaka alikuwa akifagia majivu tu. Kantini walimcheka. "Moto umerudi kwa wenyewe, akina mama," walisema, naye akacheka pamoja nao. Hawakujua kwamba alilitamani beleshi hilo tangu siku ya kwanza alipoona moto ukiinuka chini ya mkono wa mtu.

Ila tangu alipolipata, hakuna aliyemwambia auinue. Kazi ilikuwa kuulaza. Aufunike kwa majivu, aubanie hewa, auache na uhai kidogo tu wa kuamka siku ukiitwa. Mchana sola iliendesha kiwanda. Wingu likiziba jua, betri zilishika kwa muda mfupi, na stima ya nje, umeme wa nguzo za barabarani, kila mtu Kakamega anajua inavyoikimbia mvua. Hapo katikati ndipo aliposimama Khalayi, na mvuke wa boila lake wa kuzungusha jenereta.

Asubuhi hiyo Injinia Wandera alikuwa amepita, macho kwenye simu yake.

"Wakubwa wanauliza kwa nini tunachoma makaa ili moto ulale," alisema. "Leo nikikuita, mvuke upande kabla betri hazijaisha. Ikishindikana, boila hili tunalifunga kabisa. Na wewe, Khalayi, sijui nitakuweka wapi."

"Sawa, Injinia."

Basi mchana kutwa hakutulia. Alikaa, akainuka. Alifagia palipokwishafagiwa. Kila ngurumo iliyopita mbali ilimrudisha kwenye mlango wa tanuri.

Mvua ilipopiga mabati, simu ya ukutani ililia.

"Amsha," Injinia alisema, akakata.

Khalayi akaufungua mlango. Majivu yalikuwa yamebonyea. Chini yake vilibaki vipande vichache vya moto, vimejikunyata huko nyuma. Kila alipokuwa akichungulia alikuwa akiupa hewa, na moto, kimyakimya, ulikuwa umejila wenyewe.

Akatupa makaa, beleshi moja, la pili, la tatu. Moshi mzito ukamrudia usoni. Kule ndani kukawa giza.

Onesmus aliingia akichuruzika maji, brashi bado mkononi. Alitazama mara moja tu. Khalayi akamnyooshea beleshi.

"Shika, Baba Emily. Unaujua."

Mzee akaweka mikono nyuma. "Nikishika mimi, kesho watamwita nani? Mimi ni mtu wa vioo sasa."

"Huu moto umezimika. Mimi nimeuzima."

"Umeuzima nusu. Hiyo nusu ingine iombe msamaha."

Taa juu yao ikapepesa, ikafifia kidogo. Kwenye kinu, sauti ya mashine iliteremka kama ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Khalayi alitaka kuongeza makaa. Mkono wenyewe ulikuwa ukienda. Akauzuia. Alichukua reki, akayaondoa yale makaa mabichi, akavikokota vile vipande vyekundu kutoka kila pembe akavileta pamoja, polepole, kisivunjike hata kimoja. Akavitilia makapi makavu ya miwa. Akangoja. Mwali mwembamba ukatoka, ukayumba, ukapata makapi mengine. Akatia makaa madogomadogo, kiganja kwa kiganja, na kila mara akangoja yashike ndipo aongeze.

Simu ililia. Onesmus akaipokea.

"Anakuja," alisema. "Nani? Moto, nani mwingine." Akaiweka.

Khalayi hakugeuka. Jasho lilimwingia machoni akaliacha liingie. Mshale wa geji ya mvuke ulikuwa umelala palepale. Kisha ukatetemeka, ukapanda kidogo, ukasita, ukapanda. Sasa angeweza kutupa kwa beleshi, na akatupa, akainama na kuinuka mpaka moto ukaanza kunguruma kifuani mwa kile chuma kikubwa. Akafungulia mvuke. Taa zikawaka zote kwa pamoja. Kinu kikashika mwendo.

"Haya basi," Onesmus alisema taratibu. Alikuwa amesahau kufuta vumbi jeusi la makaa kwenye ovaroli yake mpya.

Mvua haikukaa. Ilihamia upande wa Shirere na kelele zake, na jua likatokea kali, la mvua iliyopita. Onesmus akaokota brashi akatoka. Simu ikalia tena, na safari hii Khalayi aliipokea mwenyewe.

"Umechelewa kidogo," Injinia alisema, "lakini nimewaambia mvuke umepanda. Boila linabaki. Sola imerudi sasa. Laza."

"Nilaze?"

"Laza. Kesho tena."

Alijaza beleshi majivu yaliyoloweshwa maji, akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi. Ndani, makaa yote yalikuwa yameshika, meupe kwa joto, hakuna hata moja lenye kivuli. Joto lilimpiga usoni, shingoni, mikononi. Nje, vioo vilikuwa vikifuka mvuke juani, na Onesmus alipita katikati yake akipangusa. Maji yalidondoka kutoka kwenye ncha ya beleshi, tone baada ya tone, yakikauka kabla ya kutulia sakafuni, naye bado alikuwa amelishika hewani.