Tulihamishwa

"Hapo umekosea, babu," Husna alimnong'oneza, na maikrofoni ikaupeleka mnong'ono wake hadi viti vya nyuma. "Imeandikwa *tulihama*."

Ukumbi ukacheka. Kicheko cha upole, cha kumhurumia mzee asiyeona vizuri.

Eustaki aliinamia kitabu alichokuwa akiwasomea. Maisha yake yote alikuwa fundi viatu karibu na stendi ya Sumbawanga, na hiki ndicho kitabu chake cha kwanza na cha mwisho. Alikabidhiwa asubuhi hiyo ya tamasha la vitabu; akapapasa mshono wa mgongoni, akaridhika, hakufunua. Sasa aliona. Tulihama. Ukurasa wa pili, tulihama. Kana kwamba nyumba nzima ya marehemu Polikarp, baba yake, iliamka siku moja mwaka sabini na nne, ikatamani upepo wa kwingine, ikafunga mizigo yake.

"Mimi niliandika *tulihamishwa*."

"Najua, babu. Nikakunyooshea." Husna, binti wa wenye duka la vitabu, ndiye aliyemhariri na kumchapia. Hakuwa na ubaya. "Nilidhani ni Kiswahili cha shamba. Mnavyopenda kurefusha maneno!"

Wakacheka tena. Daktari Vitus, mwanahistoria aliyeketi kando ya Eustaki na kitabu chake kinene kuhusu nyanda hizi, akaingilia kwa ukarimu wa watu walioshiba. "Kuhama, kuhamishwa, mzee wangu, si mlifika? Tusonge, muda umetutupa mkono."

Mlifika.

Mama alifika, ndiyo. Akalala chini ya turubai mvua za kwanza, homa ikamchukua. Na aliyembeba mgongoni kumpandisha lori, mama akiwa ameng'ang'ania kizingiti, wenye amri ya vijiji wakisimama nyuma yao na viberiti vya kuchomea nyumba, alikuwa Eustaki. Tangu hapo, kila msibani, dada yake Bertilla hakuwahi kumwita jina lingine ila hili: "Huyu ndiye aliyemhamisha mama."

Leo Bertilla alikuwa mstari wa mbele, kajifunika blanketi kwa baridi ya Juni. Hajui kusoma. Alitoka Mpui kuja kusikia.

Eustaki alichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyeshona soli ileile mara nyingi na kila mara ikaachia palepale. Akavua miwani. Hakuihitaji.

"Tulihamishwa," akasema tena, taratibu, na akaendelea hivyo hadi mwisho. Safari hii hawakucheka. Walitazama saa.

Baadaye, kwenye meza ya vitabu, Bertilla alikuja na fimbo yake.

"Lile neno lako. Nionyeshe lilipo."

"Halimo, dada. Wamelifumua."

"Wewe si fundi?" alisema kwa ukali. "Lishone."

Eustaki akaazima kalamu kwa Husna. Akaweka alama ndogo baada ya *tuliham*, juu yake akaandika herufi zilizokosekana, wino ukikataa karatasi laini. Bertilla aliketi, akakandamiza ukurasa kwa dole gumba, kama mtu anavyomshikia fundi kiatu. Hakusema amesamehe. Eustaki alipomaliza kitabu kimoja, alimsogezea kingine.

Nje, gari la Daktari Vitus liliondoka kuelekea Matai. Nakala ya kitabu cha Eustaki aliyopewa mapema ilikuwa imelala mbele ya kioo, na humo ndani bado walikuwa wanahama.