Sauti Isiyotoka Mtoni

Siku ya kuanua matanga ya mama yake, Rosemery alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya shangazi.

Walikuwa uani, Katindiuka, pembezoni mwa mji wa Ifakara. Wanawake wamekaa mkekani wanachagua mchele, na Rosemery yuko katikati yao, kitenge kimefungwa kichwani, macho yamevimba. Simu ya shangazi Justa ikaita. Shangazi haoni vizuri, kwa hiyo kila simu huipokea kwa spika, awepo mgeni asiwepo.

"Hamjambo wote wa bondeni! Hapa ni Dada wa Mto. Leo maji upande wa Chita yametulia. Vueni, chungeni, msiwe na wasiwasi. Kazi njema!"

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye furaha. Wanawake wakaacha kuchagua mchele, wakamtazama.

"Rose," shangazi akauliza, "haya umeyasema saa ngapi?"

"Sijayasema, shangazi."

"Ni wewe huyu."

"Ni mimi. Lakini sijayasema."

Mama mmoja akaguna, akarudi kwenye ungo wake. Rosemery alijua anachofikiri: mtoto gani huyu, mama hajapoa kaburini, yeye anachekea watu kwenye simu.

Rosemery alikuwa ofisa wa mifumo katika kampuni iitwayo Maji Mbele. Kampuni ilisimika vipimo kando ya Mto Kilombero, vyuma vyenye kisanduku na sola juu yake. Vipimo vilituma kina cha maji ofisini, na kila asubuhi wavuvi, wakulima na wafugaji walipigiwa simu kuambiwa mto ukoje. Ilihitajika sauti, kwa kuwa wengi hawapendi kusoma meseji, na wakati kampuni inaanza hakukuwa na fedha ya mtangazaji. Rosemery akajifungia stoo, akarekodi sentensi za kila aina: maji yametulia, maji yanapanda, ondokeni. Kisha akaandika programu ya kuchagua sentensi kulingana na vipimo. Tangu hapo bonde zima lilimjua. Sokoni akiuliza bei ya perege, muuza samaki hucheka, "Dada wa Mto! Leo tuvue?" Jioni hurudi kwenye chumba chake cha kupanga, akala peke yake, akalala. Wote waliomsikia asubuhi, hakuna aliyewahi kumpigia kumuuliza kama amekula. Mama pekee ndiye aliyekuwa akimpigia.

Sasa hata huyo hakuwepo.

Mchana, Severini alikuja kutoa pole. Ndiye fundi wa vipimo, mwanaume mpole mwenye watoto wanne, na ofisini ndiye mtu pekee aliyekuwa akimgawia Rosemery muhogo wake wa kuchoma. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na ile "yametulia" haikumtoka Rosemery kichwani. Severini alipomaliza kuwasalimia wazee, alimvuta pembeni ya nyumba.

"Kaka Severini, kipimo cha Chita kinafanya kazi?"

Severini akatazama chini. "Kilikufa kabla mama hajafariki. Na kile cha chini yake pia. Gogo liliking'oa."

"Basi mfumo unasoma nini?"

"Meneja aliwaambia vijana wa kompyuta wa Dar waingize namba za mwaka jana. Za tarehe hizi hizi." Akameza mate. "Nilidhani unajua, Rose. Sauti ni yako."

Kesho yake aliondoka nyumbani kwa mama, ingawa shangazi alimsihi akae. Alimwomba Severini ampeleke mtoni kwa pikipiki. Walipita mashamba ya mpunga yaliyosimama majini, wakapita madungu ambamo wakulima hulala msimu wa kulinda ndege, wakafika mahali ambapo kipimo kilipaswa kuwepo. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa kasi bila kelele, yamebeba majani na povu. Kisanduku kilining'inia kwenye tawi la mti kwa waya wake, kimejaa tope.

"Yamepanda?" Rosemery akauliza.

"Yanaonekana yamepanda. Lakini mimi ni fundi tu. Labda ndiyo kawaida yake."

Ng'ambo, kwenye mbuga ya chini, ng'ombe wengi walikuwa wakila majani mabichi. Mzee mmoja wa Kisukuma aliyeshika fimbo alikuwa upande huu wa akina Rosemery, akingojea mtumbwi wa kumvusha. Rosemery alimfahamu kwa sura. Aliitwa Sayi, na alihamia bondeni na mifugo yake miaka mingi iliyopita.

"Mwangaluka," Rosemery akamsalimia kwa Kisukuma kidogo alichojua. Kisha akaongeza, "Shikamoo mzee."

"Mwangaluka. Marahaba, binti." Alipoisikia sauti ile, uso ukamfunguka. "Kumbe ni wewe! Asubuhi umeniambia maji yametulia, nikashusha ng'ombe wote. Huko juu majani yamekwisha. Ahsante sana."

Rosemery alitaka kumjibu, lakini mtumbwi ulikuwa umefika, na mzee alikwisha kuingia.

Ofisini, Meneja Viktor alimpokea kwa upole. Alimpa pole ya msiba, akamsogezea kiti, akamwagizia soda. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya Rosemery apate shida kuanza. Viktor ndiye aliyemwajiri wakati ofisi nyingine zilimwambia hawahitaji mwanamke wa kompyuta.

"Ni kweli," Viktor alisema alipoulizwa. "Vipuri vimekwama bandarini. Wafadhili wanakuja mwezi huu. Wakikuta huduma imesimama, mkataba umekufa, na vipuri vikija havitakuwa na wa kuvilipia. Unaona? Nawalinda hao hao wavuvi."

"Kwa kuwadanganya."

"Kwa makadirio. Mwaka jana tarehe hizi mto ulikuwa umetulia, na mwaka juzi pia."

"Basi tuwaambie ni makadirio."

"Rose, mtu akipigiwa simu na kuambiwa ni makadirio, anakata. Unawajua watu wetu."

"Leo nimeonana na mtu aliyeshusha ng'ombe wake wote kwa sababu ya sauti yangu."

"Na wameliwa na maji?"

Rosemery akaisogeza soda pembeni.

"Sawa basi," Viktor akasema.

"Meneja, nakuomba. Tutangaze leo kwamba vipimo viwili vimekufa. Nitaandika mimi maelezo kwa wafadhili, nitawaeleza vizuri, huenda wakatuelewa."

"Hapana."

"Basi nitawaambia watu mwenyewe. Nakueleza kabla, ili usije ukasema nilikuzunguka."

Viktor alicheka kidogo, kama mzazi anayemwona mtoto amefunga begi kwa hasira. "Mfumo ni wa kampuni, Rose. Umefiwa, umechoka. Nenda kapumzike, wiki ijayo tutaongea." Akachukua simu yake, akatoka kwenda benki.

Rosemery alibaki pale mezani na soda iliyofunguliwa. Alifikiria kumpigia mtu amuulize afanye nini, na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye jina la mama. Akakiondoa. Akamfikiria Severini na watoto wake wanne. Akafikiri labda Viktor yuko sahihi, labda mto utatulia kama mwaka jana, na yeye atakuwa amevunja riziki za watu kwa ajili ya ukaidi. Hilo alilifikiri kwa muda mrefu kuliko yote. Halafu akamkumbuka mzee Sayi akisema ahsante.

Akaingia stoo, akafunga mlango, akarekodi bila kuandika kwanza.

"Hamjambo. Mimi ni Rosemery, yule mnayemwita Dada wa Mto. Vipimo vyetu viwili vya upande wa Chita vimeharibika. Maneno mliyoyasikia siku hizi kuhusu upande huo hayakutoka mtoni, yalikuwa ya mwaka jana. Sijui maji yakoje huko. Sisemi yatakuja, wala sisemi hayatakuja. Tazameni kwa macho yenu, na mwamue wenyewe. Naomba mnisamehe."

Akatuma kwa wote. Kisha akawaandikia wafadhili maelezo yale yale, akaweka funguo za ofisi juu ya meza ya Viktor, akaondoka. Barabarani bajaji ilipita, dereva ameweka simu kwenye spika, na ndani yake yeye mwenyewe alikuwa akisema naomba mnisamehe.

Mto haukufurika mwaka ule.

Ulipanda ukalamba kingo, ukakaa hapo siku kadhaa kama mtu anayewaza, kisha ukashuka. Sayi alikuwa amewaondoa ng'ombe wake usiku ule ule, akawapitisha njia mbaya ya vilima, na ndama kadhaa wakamfia njiani. Wavuvi walioanua nyavu walikosa samaki wa msimu. Watu walimpigia Rosemery, sasa wakiwa wengi kuliko alivyowahi kuota, na karibu wote walimtukana. Wafadhili walisitisha mkataba. Maji Mbele ikafungwa kabla vipuri havijafika.

Severini alipokea simu ya Rosemery mara moja tu.

"Sikulaumu, Rose," alisema. Sauti za watoto zilisikika nyuma yake. "Lakini naomba usinipigie kwa sasa. Mke wangu akiona jina lako anashindwa kula."

Baadaye alisikia kwamba Severini amehamia Mlimba kwa wakwe zake. Hakumtafuta.

Alipata kazi katika duka la stationery karibu na stendi: kuchapa barua za maombi, kutoa kopi, kuwafungulia watu akaunti za barua pepe. Ilikuwa kazi ya mikono na macho. Aligundua kwamba anazungumza kidogo iwezekanavyo, kwa sababu akitamka maneno mengi mteja hugeuka ghafla na kumkazia macho. Nyumba ya mama aliipangisha. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kwa shangazi Justa, akamsugulia sufuria, huku shangazi akimwambia habari za watu ambao Rosemery hawafahamu.

Msimu uliofuata, mvua zikiwa zimeanza, mzee Sayi aliingia dukani. Rosemery alimtambua kabla hajavua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakukaa. "Nilipoteza ndama kwa ajili yako."

"Najua, mzee. Nimesikia. Pole sana."

"Nilikuchukia. Nilisema, mtu ana kompyuta, ana masomo, anawezaje kusema sijui?" Akatoa simu yake ndogo, akaiweka juu ya kaunta. "Kuna kampuni nyingine imekuja. Wanasema nibonyeze moja, wajue ng'ombe wangu wako wapi, watanitafutia dawa za mifugo. Vijana wangu wanasema bonyeza. Nami nimekataa, nikasema kwanza niende mjini nikamwone yule aliyesema hajui."

Rosemery akaichukua simu. Alisoma ujumbe wote, akaurudia. Akamweleza anachokielewa: kwamba watapata mahali alipo kila siku, na kwamba haijaandikwa popote watawapa nani taarifa hizo. Akamwambia pia asichokielewa. Alimwandikia maswali ya kuwauliza kabla hajakubali, akamsomea taratibu mpaka mzee akayashika kichwani.

"Wakishindwa kujibu?"

"Usibonyeze."

"Na wakijibu vizuri?"

"Hapo ni juu yako, mzee. Ng'ombe ni wako."

Sayi akaitikia kwa kichwa, akairudisha simu mfukoni. Alitaka kulipa, Rosemery akakataa. Mlangoni mzee alisimama kidogo, akaitazama mvua, akamwambia kwamba mkewe humuuliza mara kwa mara yule binti wa mtoni alikwenda wapi. Kisha akavaa kofia yake, akavuka barabara kuelekea stendi.

Hakuna mteja mwingine aliyekuja jioni ile. Rosemery alizima mashine ya kopi, akafagia vipande vya karatasi, akafunga duka. Akapitia sokoni kununua perege mmoja, wa kumtosha mtu mmoja, akatembea kwenda nyumbani.