Sura ya Mwisho Itasomewa Dukani

Siku hizi Biblia watu wanazo kwenye simu. Duka la vitabu aliloniachia marehemu mume wangu Mwaro hapa Malindi lilikuwa limesimama kwa riwaya za mapenzi, na hizo mimi huzifunika kwa karatasi ya kaki kama vitabu vya shule, ili mama wa kanisa apite nazo sokoni bila kusemwa. Kisha hata hizo zikaacha kununuliwa. Keyur, mwenye nyumba, akaniambia Pasaka ikipita atampangisha mwuza simu.

Lakini hadithi zake watu walikuwa wakizisimulia bila kununua, nikaanza kuwatazama. Wa kwanza kumshuku alikuwa Cindy wa saluni ya jirani, ambaye husoma kwa kusimama na hanunui. Simu haimtoki mkononi.

"Unavipiga picha vitabu vyangu?"

"Mama, najitazama nyusi!"

Sikumwamini. Nikamfukuza.

Jumatano maombi ya akina mama yalikuwa kwa Kadii, kule Ganda. Kadii ni mteja wangu wa kila siku. Riwaya mpya ikifika, wa kwanza ni yeye. Nilipoingia, wanawake wawili walikuwa wameiinamia simu moja, wanacheka. Waliponiona wakaigeuza.

Tukaomba. Bwana anisamehe, jicho moja nililiacha wazi. Simu ikawaka mkekani: ukurasa wa kitabu, pembeni karatasi ya kaki, na kidole gumba chenye ukucha uliopasuka. Kidole kile nakijua, nakishika kila tukisalimiana.

Nikamfuata Kadii jikoni.

"Mama Thoya, si nilinunua?"

"Ulinunua kimoja, kundi zima likasoma."

"Wenzetu hawana uwezo. Ni huruma tu."

"Huruma yako inanifungia duka."

Akakoroga chai, hakunitazama.

Riwaya mpya ilipofika, Kadii alikuja kama kawaida. Mbele yake nikashika wembe, nikakata nyuzi za mshono wake, nikaitoa sura ya mwisho.

"Chukua hiki kwa nusu bei. Mwisho wake utasomewa hapa Jumamosi. Anayetaka kizima, anunue chake."

"Makubwa! Mungu anaona, na wewe wataka kumshinda kwa kuona!"

Lakini Jumamosi alikuja, na wenzake wa Ganda nyuma yake. Simu zote nikaziweka kwenye kikapu. Nikamwita na Cindy, maana nilimwonea, akawasomea kwa sauti. Wakajaa mpaka mlangoni, wakalia.

Keyur akatokea na futi ya kupimia, hana pa kuipitisha.

"Nani amekufa?"

"Daktari," akasema Kadii, anapangusa macho. "Na harusi ilikuwa kesho yake."

Mkono wake ukaingia mkobani. Nikausogelea, kikapuni niliziona simu, lakini nani ajuaye kama hana ya pili? Ukatoka na pochi.

"Nipe kizima," akasema. "Na usikifunike."

Mwenzake akanyoosha mkono: "Na mimi." Wa nyuma yake naye akafungua mkoba.

Keyur akawatazama, akaikunja futi. "Basi, Mama Thoya. Nitamwambia yule wa simu atafute kwingine."