Murunga Arudi Mstarini

Murunga ndiye aliyempeleka mkewe karate. Hilo kila mtu katika ukumbi wa kanisa walikofanyia mazoezi pale Langas alilijua, na mwenyewe hakuchoka kulikumbusha. Wakati huo Maximilla alikuwa mkanda mweupe, hajui hata kukunja ngumi, naye Murunga alikuwa wa kahawia, amebakisha mtihani mmoja aingie mweusi. Kisha akapata kazi ya kusimamia ghala la mahindi huko Moiben, akawa anakuja nyumbani wikendi tu, na karate akaiacha. Maximilla hakuacha.

Miaka ikapita, kazi ikamrudisha mjini. Jumanne ya kwanza akajifunga mkanda wake wa kahawia, ukamzunguka kwa shida, akaenda ukumbini.

Kocha Kipkirui alimpokea vizuri, wakapigana mabega na kucheka. Halafu akamwambia sheria ya klabu.

"Mkanda ni wako, hakuna mtu atakunyang'anya. Lakini ukikaa nje zaidi ya mwaka, unasimama na watu wa kijani mpaka ufanye mtihani tena. Utavaa mkanda wa kiwango utakachoonyesha."

"Hata mimi, Kocha? Si tulianza pamoja?"

"Hata wewe."

Aliyesimama mbele kufundisha jioni hiyo alikuwa Maximilla, mkanda mweusi kiunoni. Murunga akainama pamoja na wengine. Mazoezi hayajafika mbali, akasikia, "Murunga, shusha bega." Baadaye kidogo, "Murunga, bega."

Wakitembea kwenda nyumbani Murunga alisema, "Ungeniita hata Baba Cynthia, kama nyumbani."

"Pale mbele ya watu? Na Wanyonyi anayesimama kando yako naye nimwite baba ya nani?"

Maximilla alisimama kwa mama mboga akanunua sukuma. Waliposonga mbele akauliza, "Nikuonyeshe ile kata nyumbani? Mtihani si mbali."

Kata ni ule mfululizo wa mapigo na mageuko ambao mtu huufanya peke yake mbele ya watahini.

"Hiyo kata mimi ndiye nilikufundisha," Murunga alisema.

Siku ya mtihani akaja mtahini kutoka Nakuru, Mzee Macharia, mtu wa maneno machache. Maximilla aliomba asikae mezani kwa kuwa mmoja wa watahiniwa ni mumewe. Akakaa nyuma na wazazi wa watoto.

Murunga alianza kwa nguvu. Sauti yake ilijaa ukumbi, na watoto wa mkanda wa njano wakatulia kumtazama. Katikati akageuka kushoto bila wasiwasi wowote, akapiga hatua, akajikuta uso kwa uso na ukuta. Pigo lililofuata halikuwa na mahali pa kwenda.

"Anza upya," Mzee Macharia alisema.

Akaanza upya. Akafika palepale, akageuka kushoto, ukuta ukawa palepale. Safari hii alisimama kidogo, akainama, akarudi kuketi.

Alipewa kijani. Aliufungua wa kahawia mbele ya watu wote akaukunja vizuri. Alikuwa ametarajia kuona aibu. Alichohisi zaidi ni njaa.

Nyumbani walikula bila kuutaja mtihani. Vyombo vilipoondolewa, Murunga akasukuma meza hadi ukutani.

"Mama Cynthia, hebu njoo unionyeshe pale ninapopotea."

Maximilla akafuta mikono, akasimama kando yake, wakaenda pamoja polepole mpaka kwenye geuko lile. Yeye akageuka kulia.

"Hapo ni kulia," alisema. "Ulipokuwa Moiben, kuna wikendi ulinionyesha kushoto. Nikaenda nayo hivyo kwa mtihani, nikaanguka."

Murunga aliinua uso. "Wewe ulianguka mtihani?"

"Mara moja."

"Kwa sababu yangu? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unakuja Jumamosi umechoka, Jumapili unaondoka. Ningeanzia wapi?"

Murunga akarudi mwanzo wa kata, akaenda mpaka kwenye geuko, akageuka kulia. Mguu ulisita, lakini ukaenda.

Mtihani uliofuata alipata buluu. Wa kahawia bado hajaurudia, na Kocha Kipkirui hamharakishi. Jumanne na Alhamisi husimama katikati ya mstari, karibu na Wanyonyi, na mkewe akiita "Murunga!" yeye huitika kama wengine.